Safari ya Kumvika Nyamizi wa Usoke

Sikuwa na mpango wa kufika Tabora mwaka huu. Msimu wa harusi ulikuwa umeniandama. Kibandani kwangu hapa Dodoma magauni ya wasimamizi yalining'inia hadi mlangoni, na binti yangu Lea, anayenisaidia kushona, alikuwa ameanza kulalamikia mgongo. Lakini simu iliyoingia asubuhi ile ilikuwa ya Nyamizi, na mtu kama Nyamizi akikuomba umshonee gauni la kupandia jukwaani, humwambii una kazi nyingi.

Wengi wenu mnamjua kwa wimbo wake wa "Moto wa Bani". Kwa asiyemjua, huyu ni binti wa wakulima wa tumbaku wa Usoke, kijiji cha kando ya reli katika Wilaya ya Urambo. Bani ni lile banda refu ambamo majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto, na wimbo wake unamhusu mwanamke anayelinda moto huo huku akizungumza nao kama anavyozungumza na shoga yake. Nyamizi huimba kwa gitaa kavu, Kiswahili kikichanganyika na Kinyamwezi. Katikati ya wimbo ule sauti yake ilikuwa ikipanda ghafla, nyembamba na safi, ikakaa kule juu mpaka unajisahau kupumua. Dereva mmoja wa lori la tumbaku alimrekodi kwa simu akiimba na wenzake kazini, akawarushia rafiki zake, na tangu hapo hakukuwa na redio ya ukanda wetu isiyoupiga wimbo huo.

Mimi nilimwona kwa macho yangu hapa hapa Dodoma, kwenye harusi ambayo magauni yake niliyashona mimi. Alialikwa kutumbuiza, na zipu ya gauni lake ikakatika wakati mshereheshaji ameshalitaja jina lake. Nikamshonea nguo mwilini akiwa amesimama. Akapanda, akaimba, na wapishi wakaacha masufuria wakaja kusimama mlangoni. Hakunisahau kwa hilo.

Baadaye akanyamaza. Karibu mwaka mzima hakusikika, na watu wakasema kila walichopenda kusema: kaolewa, kaokoka, anaumwa. Aliponipigia, sauti yake ilikuwa nzito, nami nikadhani ana mafua. Alinieleza kwamba Jumamosi ile ana onyesho Tabora mjini, la kwanza tangu aliponyamaza, na anataka gauni lenye kola ndefu inayofika chini ya kidevu. Vipimo vyake nilivyokuwa navyo havikufaa tena kwa kuwa alikuwa amepungua. Akaniomba niende na gauni lisilokamilika, nilimalizie kwake. Nikakata kitambaa kizito cha rangi ya udongo mwekundu, nikampa Lea funguo za kibanda, nikafunga safari.

Jumatano alfajiri basi liliondoka Dodoma. Manyoni tulifika jua limeshachangamka, na Itigi wauza asali wakazunguka madirisha na chupa zao. Kuanzia hapo barabara inaingia kwenye msitu wa miyombo, na kwa muda mrefu huoni nyumba wala shamba, ila mizinga ya magogo iliyotundikwa matawini. Kisha yanaanza yale majina ambayo babu yangu alikuwa akiyataja kama mtu anayehesabu ndugu zake: Chaya, Tura, Kigwa. Misafara ya zamani kutoka pwani ilipita kwetu Ugogo kabla ya kuingia pori hili, na wazee wetu hawakuwaruhusu wasafiri wapite bure. Walidai hongo ya nguo na shanga kwa ajili ya maji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mpaka leo sisi na wao ni watani. Pori lililowatoa jasho siku nyingi, mimi nilivuka nimekaa, nikila mahindi ya kuchoma.

Kwenye kiti cha jirani alikuwa mama mmoja wa Nzega aliyekuwa anakwenda kwa binti yake Tabora. Aliponisikia nikimtaja Nyamizi kwenye simu, alinigeukia na kuniambia kwamba naye ameshanunuliwa tiketi ya onyesho. Alisema kwao, jioni wakirudisha ng'ombe, vijana hushindana nani ataweza kupanda kama Nyamizi, na hakuna anayeweza.

"Mimi nangoja pale anapopanda tu," aliniambia. "Wanasema hawezi tena. Asipopanda, basi nitakuwa nimekwenda kumtazama."

Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu hapo mpaka Kigwa nilikuwa nimelipakata gauni nikiwaza ile sauti ya kwenye simu.

Alasiri tuliingia Tabora. Nilifikia mtaa wa Gongoni, nyumbani kwa Bi Zuwena, mjane wa makamo ya mama yangu, ambaye ukoo wake uliingia mji huu kutoka Omani zama za misafara na haujatoka kwenye biashara mpaka leo. Ana duka la vitambaa upande wa barabarani, na nyuma kuna ua mpana wa kizamani. Nyamizi na wenzake wanafanyia mazoezi kwenye ua huo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia miguuni.

"Mgogo, umefika mpaka Unyanyembe bila kudai hongo," alisema, akiutaja mji kwa jina la kale. "Dunia imebadilika."

Nikamjibu kwamba hongo nimeiacha nitaidai wakati wa kurudi. Akacheka, akaniletea kahawa chungu na tende. Yeye si Mnyamwezi wa damu, lakini kukaa kwingi kumempa haki ya utani. Alinionyesha mlango wa ndani wa nyumba, wa mbao nene za mninga, akasema uliona watu wengi wakipita, na hakunificha kwamba baadhi yao hawakupita kwa hiari yao. Walipita wamefungwa. Alisema hilo bila kushusha sauti, kama mtu aliyeamua zamani kwamba nyumba yake haitasimuliwa nusu.

Kuhusu Nyamizi hakuwa na maneno nusu pia. Alisema siku za mwanzo majirani walinung'unika kwa kelele, na yeye akawaambia waje wakae uani wasikilize kwanza, ndipo walalamike. Walikuja. Tangu siku hiyo analazimika kuwawekea mikeka. Kilichomvuta yeye hasa si sauti, alisema, ni jinsi binti yule anavyorudia. Mstari mmoja ataurudia mpaka wewe msikilizaji umeuchoka, yeye bado.

Alhamisi asubuhi nilipanda bajaji kwenda mtaa wa Cheyo, ambako Nyamizi amepanga chumba na sebule ndogo. Alinifungulia mwenyewe, amejifunga kitenge na mtandio mabegani. Alikuwa amekonda, lakini macho ni yale yale, ya mtu anayekusikiliza kabla hujasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Ilikuwa sauti nzito, yenye vumbi ndani yake. Haikuwa ya mafua.

Tulifunga mlango nikamvisha. Gauni lilikaa vizuri mabegani, kiuno nilihitaji kukiingiza. Nilipofika kwenye kola niliomba aondoe mtandio, akauondoa taratibu. Chini ya koo lake palikuwa na kovu lililopinda kama mkufu, bado jekundu kidogo. Nilibaki na pini midomoni, nikaendelea kupima, na yeye akanisimulia akiwa amesimama mbele ya kioo.

Uvimbe ulianza mdogo, tunaouita rovu, kisha ukakua kwa ndani. Akawa anaishiwa pumzi akipanda ngazi. Daktari alimweleza kila kitu mapema: kwamba uvimbe unakaribia kumziba, kwamba mshipa unaoendesha sauti upo jirani yake kabisa, na kwamba hata mkono hodari hauwezi kumwahidi kuwa sauti itabaki ilivyo. Akauliza, je, nikiuacha? Akajibiwa kwamba ataimba kidogo, kisha hatapumua. Akakubali kupasuliwa. Kwa miezi kadhaa alinong'ona tu. Sauti iliporudi, alisema, ilirudi kama ya kaka yake.

"Kushuka nashuka, mama, hata kuliko zamani," aliniambia. "Kupanda, hakuna. Nikijaribu inakatika kama uzi."

Nikamuuliza kama watu wanajua. Alisema wanaojua ni mama yake mzazi, pamoja na Bi Zuwena na Masanja, mpiga gitaa wake. Sasa na mimi.

Masanja nilimkuta alasiri ile uani kwa Bi Zuwena. Ni mpiga gitaa la solo, kijana wa familia ya wafugaji wa Nzega, mrefu, mpole. Zamani, Nyamizi alipokuwa hajulikani, ndiye aliyekuwa akimbeba kwa pikipiki kwenda kuimba kwenye harusi za vijijini, gitaa limefungwa kwa kamba ya mpira. Ndiye aliyeandaa onyesho hili: ukumbi, vyombo, matangazo ya barabarani. Alinisalimu kwa heshima, akarudi kwenye kompyuta iliyokuwa juu ya meza, imeunganishwa na spika.

Waliimba nyimbo mpya kwanza. Nilizipenda, lakini niligundua kwamba Nyamizi anaimba ameshika breki, kama mtu anayetembea gizani akihofia shimo. Kisha wakaanza "Moto wa Bani". Aliimba beti za mwanzo kwa sauti yake ya sasa, chini chini, gitaa likimfunika. Walipofika pale pa kupanda, Masanja akagusa kompyuta, na ile sauti ya zamani ikatoka spikani. Ikapanda. Ikakaa juu kule. Nyamizi akachezesha midomo.

Sitadanganya, mwili ulinisisimka. Majirani waliokuwa kwenye mikeka walipiga makofi. Bi Zuwena hakupiga. Nyamizi mwenyewe aliweka gitaa chini, akaenda kunywa maji, na hakurudi kwa muda.

Masanja alinisogelea, nadhani kwa sababu nilikuwa mgeni na alitaka mtu amwelewe. Alisema watu wametoka Nzega, Igunga, Urambo, Sikonge, wote kwa ajili ya kipande kile kimoja. Akiwanyima, watatoka wakisema Nyamizi kaisha, na neno hilo likishatoka halirudi.

"Na si sauti ya mtu mwingine, mama. Ni yake mwenyewe. Kosa liko wapi?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa hapo nikishona kola ya kuficha kovu.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Usoke, sisi watatu, kwa pikapu aliyoazima Masanja. Nia ilikuwa kumchukua mama yake Nyamizi, ambaye hakuwahi kumsikia bintiye akiimba mjini. Kila alipoalikwa palikuwa na palizi, au mavuno, au mgonjwa. Safari hii Nyamizi alisema hapandi jukwaani mama asipokuwepo. Tulipita Ndono, lami nzuri, vumbi la kiangazi limekaa juu ya majani ya kando, wanawake wakitembea na matenga ya michembe na matoborwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa tunavyoviona huku kwetu vikiwa vimeshachoka. Ugali wa Ijumaa ile tulikula njiani kwa nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, na Nyamizi hakula zaidi ya matonge machache.

Usoke inaanza relini. Stesheni, maduka machache, kisha nyumba zinaachana, na nyuma ya kila boma bani lake. Wakati huu mabani yalikuwa yamepoa. Kazi iliyokuwepo ni kupanga madaraja: wanawake wanakaa bandani na marundo ya majani makavu, wanayatenga kwa rangi na ukubwa, limau huku, chungwa kule, yaliyoungua pembeni. Harufu yake ni tamu na kali kwa pamoja, inakaa kwenye nguo siku nzima.

Bi Kalunde, mama yake Nyamizi, tulimkuta humo na wenzake. Ni mwanamke wa rika langu, mikono imekuwa ya kahawia kwa utomvu wa tumbaku. Tulipiga goti kidogo kila mmoja kwa mwenzake, yeye akasema mwangaluka, mimi nikajikongoja kuitikia, wenzake wakacheka Kinyamwezi changu. Alipojua mimi ni Mgogo aliagiza nipewe maji haraka, kabla hawajaambiwa walipie. Nikakaa nao, nikapewa rundo langu, nikaanza kuharibu kazi yao.

Nyamizi hakuzunguka. Alimweleza mama yake habari ya kompyuta, kwa Kinyamwezi kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Masanja akaongeza sababu zake, zile zile alizonipa, na alizisema vizuri. Bi Kalunde alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kutenga majani.

"Mambo ya jukwaani siyajui," alisema. "Ila wimbo ni kuitikiana, mwanangu. Wewe ukiimba, mimi nakuitikia, na ukinisikia unajua pa kwenda. Hiyo ya kwenye kompyuta nikiiitikia, itanisikia?"

Masanja alitazama chini. Bi Kalunde akaanza kuimba, wimbo wa kazi wanaouimba humo bandani, taratibu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mama aliyechoka. Wenzake wakaitikia. Alipofika mzunguko wa pili alimkazia bintiye macho, naye Nyamizi akaingia.

Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza sauti yake mpya bila breki. Ilitoka chini, pana, yenye mikwaruzo kidogo pembezoni, na ikawabeba wale wanawake wote kama mtu anavyoinua mtoto kwa mkono mmoja huku akiendelea na kazi nyingine. Hakuna aliyesimamisha kazi. Mama mmoja tu aligeuza kichwa, akamtazama, akaendelea kutenga. Nyamizi alifumba macho, na nilimwona akishuka mahali ambapo wenzake hawakuweza kumfuata, akakaa huko, mashavu yamelowa.

Wimbo ulipokwisha Masanja alitoka nje. Nilidhani amekasirika. Akarudi na gitaa, akaketi juu ya gunia, akaanza kulegeza nyuzi. Alimwomba Nyamizi aanze "Moto wa Bani" popote koo lake linapopenda, naye atamtafuta. Ilichukua muda. Mara alikuwa juu, mara alikuwa kando, mara Nyamizi akacheka akaanza upya. Walipokutana, wanawake wa bandani wenyewe ndio waliotuambia kwamba tumefika, maana walianza kuitikia.

Jioni tulikuwa tumerudi Gongoni pamoja na Bi Kalunde, aliyebeba kuku na kibuyu cha asali kwa ajili ya mwenye nyumba. Nilimvisha Nyamizi gauni kwa mara ya mwisho. Lilikuwa limekamilika. Kola ilisimama kama nilivyokusudia, na kwa ufundi niliridhika nayo. Yeye alijitazama kiooni, akapitisha kidole ndani ya kola.

"Mama, ukiiondoa hii, gauni litaharibika?"

Nikamwambia halitaharibika, nitakata shingo ya duara. Masanja, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa upole kwamba watu wataliona kovu na watauliza.

"Waulize," alisema Nyamizi. "Nitawajibu."

Nikachukua mkasi. Bi Zuwena alikaa nami nikifumua, akinishikia taa ya simu kwa kuwa macho yangu si ya ujana. Nilikata shingo wazi kabisa, nikaipinda kwa mkono badala ya cherehani, maana nilitaka isiguse popote pale palipo na kovu.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Walikuwepo wenye kanzu na wenye suti za kanisani, vijana wenye misemo ya Dar es Salaam, wazee wa vijijini waliokuja watatu watatu kwa pikipiki. Tulikaa mbele: Bi Kalunde kati yangu na Bi Zuwena, mikono yake ya kahawia imetulia mapajani. Nyamizi alipotoka na gauni lile, nilisikia mnong'ono ukipita ukumbini. Waliliona kovu. Hakukaa kimya wajiulize. Alisogelea maikrofoni akawaambia kwamba alikuwa mgonjwa, akapasuliwa, akapona, anamshukuru Mungu na madaktari.

"Sauti mliyoizoea imekwenda," alisema. "Nimekuja na hii. Nisikilizeni, kisha mtaamua wenyewe."

Alianza na wimbo mpya, wa wapagazi wanaokaribia kambi ya Tura, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba maji hayako mbali. Mwendo wake ni wa miguu yenye mzigo. Walimpigia makofi ya heshima, yale ya watu wanaongoja kitu kingine. Wimbo wa pili hali ikawa hiyo hiyo. Nyuma yangu vijana wawili waliinuka wakatoka, na nilimwona Masanja akiwafuata kwa macho.

Kisha gitaa likaanza "Moto wa Bani", na ukumbi mzima ukapiga kelele. Ubeti wa kwanza, wa pili. Tulipokaribia pale, nilishika kiti. Nyamizi hakupanda. Alishuka. Watu kadhaa kwa mazoea walikuwa wameshakirukia kile kipande cha juu, wakajikuta peke yao kule, wakakatiza katikati, na ukumbi ukaingia kimya kibaya sana. Gitaa liliendelea. Nyamizi aliurudia mstari ule ule, chini, peke yake, uso wake ukielekea mbele ambako hakuona kitu kwa mwanga wa taa.

Bi Kalunde akaitikia. Hakusimama wala hakuinua mikono. Aliitikia alipokaa, kwa sauti ile ya bandani, kana kwamba mbele yake kuna rundo la majani. Nyamizi alisikia, nami naapa nilimwona mabega yakilegea. Akaimba tena. Bi Zuwena akaitikia, hajui Kinyamwezi cha mstari ule vizuri lakini alikwenda nao. Nikaingia mimi. Safu ya nyuma yetu ikaingia, na ile ya nyuma yao. Waliokuwa madirishani wakaingia. Ilikuwa sauti ya chini, ya watu wengi, isiyopigiwa makofi kwa sababu kila mtu alikuwa ndani yake, na juu ya sauti hiyo, au niseme chini yake, alikuwa Nyamizi akitupeleka anakotaka.

Walimtaka aurudie. Aliurudia, na mara ya pili hakuna hata mmoja aliyejaribu kupanda. Masanja alipiga gitaa ametugeuzia mgongo kwa muda mrefu, na alipogeuka macho yalikuwa mekundu. Kabla jua halijazama watu walikuwa bado wamesimama nje ya ukumbi, wakiimba kwa vikundi vikundi, na mwenye ukumbi wa mji mwingine ameshamshika Masanja mkono akitaka kujua Nyamizi atafika kwao lini.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi la kurudi. Bi Zuwena alinifungia kanga mbili na mkebe wa karanga, akasema hongo ya Wagogo imelipwa na asinisikie tena. Nyamizi alinisindikiza stendi bila mtandio. Nilimwambia gauni lile alifue kwa maji baridi, akaahidi.

Njiani, Kigwa, Tura, Chaya, nilikuwa na muda wa kufikiri. Miaka yote ya ushonaji wangu, wanawake wameingia kibandani kwangu wakiniambia wanachotaka kufichiwa: tumbo, mkono, mgongo, alama ya moto. Nami nimekuwa hodari kwa hilo, sitaacha, maana wengine wanahitaji kufichwa ili waweze kutoka nyumbani. Lakini nilichojifunza Tabora ni kwamba silazimiki kuanza na hilo. Naweza kumuuliza mtu kwanza anataka kuonekana vipi, kisha nikanyamaza nimsikilize, kama Bi Kalunde alivyosikiliza akiwa na kazi yake mikononi.

Jioni nilifika Dodoma. Lea alikuwa hajafunga kibanda, na wateja wawili walikuwa wamekaa naye wakinisubiri mimi kuliko nguo zao. Hakunipa hata nafasi ya kutua begi.

"Mama, alipanda pale?"

"Hakupanda," nikamwambia. "Sisi ndio tulioshuka, tukamkuta huko."